Upelelezi, mafumbo au kusubiri: ukae na gemu ipi?

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi, na kila mwezi ana siku zake za zamu ya usiku. Kuna jioni alinipigia: "Kaka, nitafutie gemu. Isiwe ya mpira, isiwe ya kupigana, na isinimalizie bando." Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikawa wiki, kwa sababu kila nikitaka kumtajia moja naikumbuka nyingine, na hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Gemu ninazokaa nazo ni za makundi matatu. Kuna riwaya za picha za upelelezi: sura ya mhusika imesimama kwenye kioo, maneno yanapita chini yake, wewe unasoma na mara mojamoja unaulizwa. Kuna mafumbo. Halafu kuna gemu za kusubiri, ambazo namba zinapanda hata usipogusa kitu. Watu huzitia zote kapu moja na kuziita za kutuliza akili. Mimi naona zinatenganishwa na swali moja: nani anafumbua? Kwenye riwaya ya upelelezi anafumbua mhusika, wewe ukimsukuma mgongoni. Kwenye fumbo unafumbua wewe, na ukishindwa hakuna kinachosogea. Kwenye gemu ya kusubiri hafumbui mtu, inafumbua saa.

Nilitaka alielewe hilo kabla hajachagua, maana anayeipenda moja anaweza kuichukia nyingine vibaya sana.

Wakili anayejua baada yako

Riwaya za picha zimekulia Japani, na upelelezi umo ndani yake tangu mwanzo. Mwaka 1983 Yuji Horii, yule aliyekuja kutunga Dragon Quest, alitoa gemu ya kompyuta ya kuchunguza mauaji mjini Kobe, na wengi waliofuata walipita njia yake. Lakini mtu akiniuliza aanzie wapi, namwelekeza Phoenix Wright: Ace Attorney, kazi ya Shu Takumi ndani ya kampuni ya Capcom. Ilitoka Japani mwaka 2001 kwa Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi. Siku hizi gemu tatu za kwanza zinauzwa pamoja kwa jina la Trilogy, kesi 14 kwa jumla, na zinachezeka kwenye kompyuta, kwenye mashine za gemu na kwenye simu.

Wewe ni wakili mchanga wa utetezi. Unazunguka kukusanya ushahidi, kisha mahakamani shahidi anatoa maelezo yake sentensi moja baada ya nyingine. Unaweza kumbana aeleze zaidi, au ukatoa kielelezo kinachomuumbua, na hapo wakili anapiga kelele ya pingamizi hadi kioo kinatikisika. Kesi ya kwanza inakuonyesha muuaji kabla hujaingia mahakamani. Kazi iliyobaki ni kumnasa kwenye uongo wake, naye akizidiwa anamvurumishia wakili wigi. Karibu kila shahidi katika gemu hizi ana anachokificha, hata yule asiye na kosa, na hapo ndipo utamu ulipo: uongo wa mtu mwema unakuchanganya kuliko wa muuaji.

Kero yake ni moja, nayo ni kubwa. Mara nyingi wewe unajua kabla ya Phoenix. Umeshaona nani kaua na kapitia wapi, lakini gemu inataka kielelezo kile, kwenye sentensi ile, wala si ile inayoifuata. Katika gemu ya kwanza ukikosea mara tano mteja wako kaenda na maji. Basi unakaa pale na jibu mkononi kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole na mwalimu hamtazami. Wapo wasiovumilia hilo, na siwalaumu. Mimi navumilia kwa sababu jibu sina haja nalo sana; nafuata uso wa shahidi anapoanza kutoka jasho.

Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors ya Kotaro Uchikoshi (2009) inakupa kazi zaidi. Watu tisa wanajikuta wamefungiwa ndani ya meli, kila mmoja ana bangili yenye namba, na wana saa tisa za kuokoka. Mlango wenye namba hufunguliwa na kikundi cha watu watatu hadi watano: jumlisha namba zao, kisha jumlisha tarakimu za jibu mpaka ibaki moja. Wenye 1, 6 na 7 wanapata 14. Moja na nne ni tano. Mlango wa 5 umefunguka. Hesabu ya darasa la tatu, lakini ukishaanza kupiga hesabu nani aende na nani, na nani aachwe nyuma, inakuwa hesabu ya roho za watu. Ndani ya kila mlango kuna chumba cha mafumbo. Miisho ni zaidi ya mmoja na huwezi kuelewa kisa chote kwa kupita mara moja, kwa hiyo tafuta mkusanyo wa mwaka 2017 uitwao The Nonary Games, ambao una ramani ya matukio ya kurukia unapotaka. Toleo la zamani lilikurudisha mwanzo kila mara, na mimi kwa kurudishwa mwanzo sina subira.

Danganronpa (2010) nitaipita haraka. Wanafunzi 15 wamefungiwa shuleni na dubu mwenye rangi mbili; mwanafunzi anayetaka kutoka lazima aue na asigundulike. Kesi zake zina kelele: maneno yanaruka hewani nawe unayapiga risasi. Ya kwanza niliimaliza kwa siku tatu. Kufikia ya tatu nilikuwa nawatamani wale mashahidi wa Phoenix wanaosimama kimya.

Umineko ni ya msomaji sugu peke yake. Sehemu nane zilizotoka kati ya 2007 na 2010, familia tajiri kisiwani, Oktoba 1986, dhoruba, watu 18, na maiti. Karibu hakuna cha kuchagua. Unasoma tu, siku kwa siku, wiki kwa wiki. Lakini ina jambo moja la ajabu: kauli ikiandikwa kwa wino mwekundu ni kweli tupu, bila ushahidi wowote. Basi unabaki kuzipanga kauli nyekundu kichwani ukitafuta upenyo. Kwa hiyo gemu yenye vitufe vichache kuliko zote ndiyo inayokuachia wewe kazi ya kufumbua, na inapofika mwisho haikubembelezi kwa kukutafunia kila kitu. Hapa kanuni yangu ya nani anafumbua inapasuka, na sina namna ya kuiziba.

Nipe mji

Katika kitendawili, ukishindwa unaombwa mji. Unataja Tabora, au Lamu, mtegaji anautawala mji wako kwa mbwembwe, ndipo anakupa jibu. Kutoa mji ni aibu kidogo, na aibu hiyo ndiyo inayofanya watu wakune kichwa kwanza. Fumbo zuri la kwenye simu linapaswa kukutia aibu ileile. Tatizo ni kwamba siku hizi mji unatolewa kwa siri: unafungua intaneti, unaangalia jibu, hakuna aliyekuona. Nimefanya hivyo. Kila nilipofanya, fumbo lililofuata lilinishinda vilevile, kwa sababu lilijengwa juu ya nilichopaswa kujifunza kwenye lile nililoliiba.

Mfano hai ni Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, iliyotoka mwaka 2019 na kufika kwenye simu mwaka 2021. Msomaji wa Kiswahili ataanza kwa kucheka, maana Baba ni kiumbe cheupe chenye masikio, na kioo kinakwambia kwa Kiingereza kwamba Baba ni wewe. Maneno hayo ni vipande vilivyolala uwanjani, unavisukuma kama magogo. Sheria inasema ukuta unazuia? Sukuma neno moja pembeni, ukuta hauzuii tena. Panga "ukuta", "ni" na "wewe" kwenye mstari mmoja, sasa wewe ndiye ukuta. Kuna hatua zaidi ya 200. Za mwanzo zinakufanya ujione bingwa. Za katikati zinakunyang'anya ubingwa. Kuna moja niliyokaa nayo siku tisa, na jibu lilinijia nikiwa naosha vyombo.

Nilimwonyesha mzee wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Akasoma kioo, akaniangalia kwa juu ya miwani: "Baba ni wewe? Nani kakwambia?" Hakuipenda. Alichokipenda ni mkusanyo wa mafumbo wa Simon Tatham, mwandishi wa programu wa Uingereza, ambao nadhani ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote humu, nao ni bure. Una mafumbo mafupi takriban 40: sudoku, ya kuunganisha visiwa kwa madaraja, ya kutegua mabomu, ya kuzungusha mabomba. Hakuna matangazo, hakuna akaunti, hauhitaji mtandao ukishaupakua, na ni mwepesi hata kwa simu iliyochoka. Lile la mabomu limetengenezwa ili kila mchezo uweze kumalizwa kwa hoja tupu bila kubahatisha. Nilipomweleza mzee hilo alikaa kimya, kisha akasema, "Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Tangu siku hiyo ameacha kulalamika kwamba gazeti linarudia mafumbo.

Ukitaka namba bila kufikiri sana ipo 2048, ya kutelezesha vigae vya namba hadi viungane, ambayo kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, aliitoa Machi 2014 akiwa na miaka 19. Ilizaliwa kwenye kivuli cha Threes, iliyotoka mwezi mmoja kabla na ambayo, kwa maoni yangu, ni bora zaidi kwa sababu haikuruhusu kutelezesha kidole ovyo ukafika mbali.

Halafu kuna mbili zinazosimama kati ya fumbo na upelelezi, na kama una kompyuta usiziruke. Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope (2018) inakuweka mwaka 1807. Meli ya biashara iliyokuwa ielekee mashariki, ambayo haikuonekana Rasi ya Tumaini Jema ilikotarajiwa, imerudi yenyewe bandarini Falmouth bila mtu hai. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki. Una saa ya mfukoni: ukisimama kando ya maiti unasikia sauti za sekunde zake za mwisho, kisha unatembea ndani ya tukio lililoganda. Kazi yako ni kujaza daftari: huyu ni nani, amekufaje, nani alimuua. Watu 60. Hakuna anayekuelekeza. Mmoja unamtambua kwa lafudhi, mwingine kwa jinsi mwenzake alivyomwita, mwingine mimi nilimjua kwa viatu.

Ujanja wake uko kwenye usahihishaji. Gemu haikwambii kwamba umepatia mpaka uwe na majibu matatu sahihi. Kama ingethibitisha moja moja, ungejaribu jina baada ya jina hadi likubali, kama mtu anayejaribu funguo zote za jirani. Tatu kwa pamoja kunakulazimisha uwe na hakika ya mawili kabla hujabahatisha la tatu. Linganisha na Phoenix, anayekukata alama kwa kukosea: yule anaadhibu kubahatisha, huyu anakufanya kusilipe. Njia ya pili ina heshima zaidi.

The Case of the Golden Idol (2022), iliyotengenezwa Latvia na Color Gray Games, ni kama mdogo wake. Karne ya 18, kila hatua ni kifo kimoja kilichoganda kama picha ya ukutani. Unapekua mifuko na barua, unaokota majina na vitenzi, kisha unajaza nafasi zilizo wazi kwenye maelezo ya kisa. Ukibakiza makosa mawili au pungufu inakudokeza kwamba umekaribia. Inafaa kuchezwa na watu wawili watatu pamoja. Mimi na mke wangu tuliimaliza tukigombana nani kaiba barua.

Bibi anaoka biskuti

Sasa hizi za kusubiri. Zilianza kama mzaha. Mwaka 2002 ilitoka Progress Quest, ambayo unaunda shujaa wako kisha basi, inajicheza yenyewe, ikizikejeli gemu za wakati ule zilizomtaka mtu apige mazimwi yaleyale siku nzima. Mwaka 2010 profesa Ian Bogost akatoa Cow Clicker kuzidhihaki gemu za Facebook: una picha ya ng'ombe, unambofya, kisha unasubiri saa sita umbofye tena. Alitaka watu waone upuuzi. Wakaona, na wakaendelea kubofya.

Iliyoufanya mzaha kuwa ufundi ni Cookie Clicker ya Mfaransa Julien Thiennot, Agosti 2013, ambayo mpaka leo inachezwa bure kwenye kivinjari. Unabofya biskuti kubwa, unapata biskuti moja. Ukifikisha 15 unanunua mshale wa kukubofyea. Ukifikisha 100 unaajiri bibi, anakuokea moja kila sekunde. Kila ukinunua, bei ya kinachofuata cha aina hiyo inapanda kwa asilimia 15. Inaonekana kidogo. Lakini asilimia 15 juu ya asilimia 15 maana yake kila ukinunua tano bei imekuwa mara mbili: mshale wa kwanza biskuti 15, wa hamsini zaidi ya 14,000, na kazi anayofanya wa hamsini ni ileile ya wa kwanza. Basi bibi wanakuwa ghali, unahamia shamba, shamba linakuwa ghali, unahamia mgodi. Hukai ukashiba. Ukifika ambapo kila kitu kinasuasua, gemu inakushauri uvunje vyote uanze upya ukiwa na nguvu kidogo zaidi. Na unavunja.

Nimeeleza hesabu hiyo kwa makusudi. Ukishaiona huwezi kusema ulidanganywa, na gemu ya aina hii ni ya haki pale tu mchezaji anapoiona. Ile niliyojuta ilikuwa nyingine, ya bure, ya kuchimba madini, jina lake naliacha. Kila baada ya dakika chache ilitoa ofa: tazama tangazo la nusu dakika, mapato yawe maradufu. Sikuwahi kulipa hata shilingi. Nililipa bando la wiki lililoisha siku ya pili, na simu iliyokuwa moto mfukoni kama kiazi cha jivuni.

Mbili ninazozisifu ni tofauti kwa sababu zina mwisho. Universal Paperclips ya Frank Lantz (2017) inakufanya akili bandia iliyopewa kazi ya kutengeneza vibanio vya karatasi. Unaanza na waya na bei ya kibanio kimoja, na unakoishia sikwambii, ila ni mbali. Ni maandishi na namba tu. A Dark Room ya Michael Townsend (2013) inaanza na chumba baridi, giza, na kitufe kimoja cha kuwasha moto. Unasubiri. Mgeni anaingia akitetemeka. Unaokota kuni. Taratibu unagundua kwamba kuna jambo haliko sawa kuhusu mahali hapa na kuhusu wewe mwenyewe, na hakuna anayekuhadithia. Vitufe vinavyoongezeka ndivyo vinavyosema. Ni riwaya ya upelelezi iliyojificha ndani ya kusubiri, na imenitia hofu kuliko dubu wa Danganronpa.

Ukikatizwa, ukikwama, ikiisha

Tuziweke kando kwa kando kwa mambo yanayoamua kweli.

Kukatizwa. Watu hudhani aliyebanwa na kazi anafaa gemu ya kusubiri, kwa kuwa haimhitaji. Mimi nimeona kinyume. Gemu ya kusubiri haikuhitaji lakini inakuita: namba zimejaa, ingia uvune. Unaingia dakika moja mara arobaini kwa siku. Cookie Clicker yenyewe, kabla hujavunja na kuanza upya, ukiifunga haioki kitu, kwa hiyo unaiacha wazi na betri inalipa. Fumbo gumu nalo halipendi kukatizwa. Ukiwa umeshika kichwani kwamba kama huyu ni Mrusi basi yule si baharia, mtu akikuita unaangusha vyote. Riwaya ya picha inasimama pale ulipoiacha, sentensi nusu, na inakusubiri bila kinyongo. Udhaifu wake ni kuachwa muda mrefu: wiki tatu bila kugusa, umesahau nani ni binamu wa nani.

Kukwama. Kwenye riwaya ukikwama unaweza kujaribu vielelezo vyote kimoja kimoja, umehifadhi nafasi yako kwanza. Si ustaarabu, lakini hadithi itaendelea. Kwenye fumbo kukwama ndiyo gemu yenyewe. Asiyependa hali hiyo asijilazimishe, hana upungufu wowote wa akili. Kwenye kusubiri hakuna kukwama, na kwangu hiyo ni kasoro. Mlango unaofunguka wenyewe baada ya saa mbili haujanifundisha chochote.

Kuisha. Phoenix na Obra Dinn unazicheza mara moja maishani. Ukishamjua muuaji umemjua, na nimewahi kutamani kugonga kichwa mahali nisahau. Sudoku haiishi. Biskuti haziishi pia, lakini sudoku mia moja zimeninoa kidogo, na bibi mia moja wameniachia bibi mia moja.

Pesa na bando. Riwaya nzuri unalipa mara moja, faili ni kubwa kupakua, baadaye mtandao hauna kazi. Mara nyingi bei hupunguzwa, kwa hiyo usiwe na haraka. Shida kwa wengi wetu ni kadi ya kulipia kuliko bei yenyewe. Mafumbo yana ya bure yaliyo safi kabisa, nimeshayataja. Kwenye kundi la tatu ndipo neno "bure" linapotakiwa kuangaliwa mdomoni kama ng'ombe wa mnadani.

Lugha. Hapa riwaya za picha zinatuumiza. Kati ya nilizozitaja sijaona iliyo na Kiswahili, na Kiingereza chake kimejaa michezo ya maneno: yule shahidi wa kwanza wa Phoenix anaitwa Sahwit, litamke upesi, ni kama anasema kwa Kiingereza kwamba aliona. Trilogy ina Kifaransa pia, kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura yuko vizuri kuliko mimi nilivyokuwa na kamusi yangu. Golden Idol inataka lugha imara, maana kukosea kitenzi ni kukosea kesi. Baba Is You ina maneno machache tu, na mpwa wangu wa darasa la sita aliyajua yote kwa siku moja. Tatham hataki lugha yoyote.

Basi achukue ipi

Mpwa nilimpa Baba Is You. Akaja baada ya wiki: "Anko, hatua hii ni mbovu, haina jibu." Nikamwambia nipe mji. Akanipa Mwanza. Sikumpa jibu, nimebaki na mji, na bado ananinunia.

Rafiki yangu dereva wa lori, ambaye hukaa foleni ya mpakani hata siku mbili, nilimpa A Dark Room na mkusanyo wa Tatham, kwa sababu huko mtandao unakuja na kuondoka na yeye muda anao. Mwenye kompyuta na mwenza wa kubishana naye achukue Golden Idol. Aliye peke yake na asiyeogopa giza, Obra Dinn. Umineko sikumpa mtu. Hiyo unaitafuta mwenyewe au inakutafuta.

Mdogo wangu nilimpigia hatimaye. Nikamweleza habari ya nani anafumbua, akanikatiza: "Kaka, mimi usiku mzima nafumbua mwenyewe. Dripu ipi imekwama, nani anadanganya kwamba amekunywa dawa. Nipe ambayo mwingine ndiye anafanya kazi." Nikataka kumwambia basi chukua biskuti. Nikafikiria zile mara arobaini kwa siku, na kengele za wodini, nikamwambia anunue Trilogy, aipakue akiwa nyumbani, aisome wakati wa mapumziko.

Kimya wiki mbili. Jana saa tisa usiku simu ikalia ujumbe: "Kaka, mahakama imemwita kasuku awe shahidi. Kasuku! Namhojije?"

Nikamjibu ambane, kama anavyowabana wa dawa.